Binti Yeftha: alichomwa kweli, au alitengwa tu kwa Bwana?

MamaWaMbinga

Tumsifu Yesu Kristo. Naombeni msaada, hasa ninyi mliosoma Maandiko kwa undani. Alhamisi hii zamu ya kuongoza somo jumuiyani ni yangu, na tumefika Waamuzi 11. Sura hii nimeikwepa miaka mingi.

Kwa asiyeikumbuka: Yeftha wa Gileadi ni mtoto wa kahaba, ndugu zake walimfukuza asirithi, akakimbilia nchi ya Tobu. Waamoni walipowazidi nguvu watu wa Gileadi, wazee wakamfuata huko huko awe kiongozi wao. Kabla ya vita akaweka nadhiri kwamba akirudi salama, cho chote kitakachotoka mlangoni mwake kumlaki kitakuwa cha Bwana, naye atakitoa sadaka ya kuteketezwa. Akashinda. Aliyetoka na matari akicheza ni binti yake, mtoto wake wa pekee.

Jumapili nilikuwa napiga pasi, binti yangu wa miaka 13 ananisomea. Akafika mstari wa 39 akasimama, kidole juu ya maneno. "Mama, mbona hawasemi? Wanasema tu alimtenda sawasawa na nadhiri yake. Sasa alichomwa au hakuchomwa?" Nilibaki na pasi mkononi hadi harufu ikanishtua. Kola ya shati la baba yake ikapata alama ya kahawia ambayo haijatoka mpaka leo.

Niseme kwa nini swali lile lilinishika hivyo. Mwaka 1984 nilikuwa na miaka mitatu nikaugua surua. Mama yangu aliweka nadhiri kwamba nikipona nitakuwa sista. Nikapona. Nilipomaliza darasa la saba nikapelekwa kwa masista kulelewa. Huko ndiko nilikofundishwa kwamba binti Yeftha hakuuawa, alitengwa abaki bikira akimtumikia Mungu, na kwamba alikubali kwa furaha. Nilikuwa na miaka 15 nikiandika hayo kwenye daftari. Niliondoka nikiwa na 19, na mama hakuzungumza nami karibu miaka miwili.

Kwa hiyo naulizia somo, na naulizia pia nafsi yangu. Ipi ni sahihi: kuisoma kama ilivyoandikwa, au kuisoma kwa mfano?

MchungajiMstaafu_Makete

Mama, nakusalimu katika Bwana. Mimi ni Mlutheri, lakini hapa tunasoma kitabu kimoja.

Kwa karne nyingi karibu kila aliyeandika juu ya sura hii aliisoma kama ilivyo. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasema wazi kwamba Yeftha alimteketeza binti yake, na kwamba sadaka hiyo haikuwa halali wala haikumpendeza Mungu. Marabi wa kale walisoma vivyo hivyo. Wao waliuliza swali lingine: kwa nini hakuna aliyemzuia? Wakasimulia kwamba kuhani Finehasi angeweza kumfungua nadhiri yake. Finehasi akasema, mimi kuhani mkuu nimwendee mtu asiye na elimu? Yeftha naye akasema, mimi mkuu wa Israeli nimwendee yeye? Kati ya viburi hivyo viwili msichana akapotea.

Tafsiri uliyofundishwa ilipata nguvu baadaye, katika zama za kati. Anayejulikana zaidi kwayo ni Daudi Kimhi, mwanazuoni wa Kiyahudi wa Narbonne, kusini mwa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1235. Hoja yake yote inaning'inia kwenye herufi moja. Kiebrania kina "waw", ambayo kwa kawaida ni "na", ila mara chache huweza kuwa "au". Kimhi akasoma: kitakuwa cha Bwana, AU nitakitoa kiteketezwe. Yaani akitoka mnyama atachinjwa, akitoka mtu atawekwa wakfu. Mfafanuzi mwingine wa Kiyahudi, Ibn Ezra, alikuwa ametangulia kusema jambo kama hilo, naye rabi Nahmanidi, katika maelezo yake ya Walawi 27, akalikataa kwa maneno makali.

Mimi niko na Nahmanidi. Neno la sadaka pale ni "ola", na katika sheria za sadaka ola ni kitu kinachopanda chote na moshi. Hakibaki hata kipande cha kuhani kula. Kumwita msichana aliye hai ola ni kulilazimisha neno.

Nuru_ya_Ruvuma

Mchungaji, naomba kupingana nawe kwa heshima. Msichana alipoomba miezi miwili aende milimani, aliomba kuulilia ubikira wake, hakuomba kuulilia uhai wake. Na mstari wa 39 ukishasema alimtenda sawasawa na nadhiri, unaongeza palepale kwamba hakuwa amemjua mwanamume. Kama alikufa, hilo la kuongeza la nini? Tena Waebrania 11:32 inamtaja Yeftha pamoja na Gideoni na Daudi katika watu wa imani. Mwuaji wa mwanawe anaingiaje humo?

MchungajiMstaafu_Makete

Swali zuri, dada. Kufa bila kuolewa wala kuzaa, kwa watu wale, ni jina kufutika, ndiyo maana aliulilia ubikira. Yeftha hakuwa na mtoto mwingine, kwa hiyo ukoo wake ulikatikia pale. Kuhusu Waebrania, Samsoni naye yumo, na Daudi yumo pamoja na damu ya Uria, aliyeamuru auawe.

Mwl_Ngeli

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Kiebrania sikijui. Ila soma tena maneno ya nadhiri kwa Kiswahili: "cho chote kitakachotoka". Ngeli ya KI-VI. Mfasiri angeweza kuandika "ye yote atakayetoka", na hadithi ingebadilika tangu mstari wa 31, maana Yeftha angekuwa ameahidi mtu kwa makusudi. Nimemwuliza padri mmoja, akaniambia neno la Kiebrania pale halitenganishi mtu na kitu, na kwamba Biblia ya Kilatini ya Yeronimo ilichagua "ye yote". Kiswahili hakiwezi kukaa katikati. Ni lazima kichague ngeli, na ukishachagua umeshatafsiri.

Lakini angalieni neno linalofuata: "kunilaki". Mbuzi hatoki kumlaki mtu. Kulaki ni kazi ya watu, na kwa Waisraeli waliotoka kuwalaki washindi kwa matari walikuwa wanawake. Miriamu alishika tari baada ya Bahari ya Shamu, na wanawake walimlaki Sauli hivyo aliporudi na Daudi. Yeftha alikuwa askari. Alijua ni nani hutoka. Najua wapo wanaosema mifugo ililala ndani ya nyumba za zama zile, kwa hiyo huenda alimwazia ng'ombe. Inawezekana. Mimi lile "kunilaki" haliniachi.

BintTanga

Asalaam alaykum. Mimi Muislamu, napita kwa adabu, nimeguswa na maisha ya mama huyu. Katika Surat Aal Imran, aya ya 35, mke wa Imrani anamwekea nadhiri Mwenyezi Mungu mtoto aliye tumboni, awe wakfu kwa ibada. Akajifungua msichana, Maryam. Hapo nadhiri ya kumtoa mtoto ni uhai wake wote katika utumishi, hakuna moto. Na tuna hadithi ya Bi Aisha katika Bukhari: aliyeweka nadhiri ya kumtii Mungu amtii, na aliyeweka nadhiri ya kumuasi asimuasi. Kwa kipimo hicho Yeftha alipaswa kusimama pale mlangoni na kuomba msamaha. Pole sana mama.

Katekista_Mzee

Milele amina, mama. Nimefundisha miaka 31, hili nalijibu kwa Sheria ya Kanisa kwa sababu nimeona linakuhusu wewe kuliko Yeftha.

Kanuni ya 1191 inasema nadhiri ni ahadi ya makusudi na ya hiari anayopewa Mungu, juu ya jambo jema, linalowezekana na lililo bora zaidi. Kumuua mtoto si jambo jema, kwa hiyo Yeftha hakufungwa na cho chote. Mtakatifu Thoma wa Akwino anamnukuu Yeronimo: katika kuiweka nadhiri alikuwa mpumbavu, katika kuitimiza alikuwa mwovu. Hata Torati ilimpa njia. Walawi 27 inataja fidia ya mtu aliyewekewa nadhiri: msichana wa miaka 5 hadi 20 ni shekeli 10. Shekeli kumi tu, mama. Hakuuliza.

Sasa kanuni ya 1193: nadhiri kwa asili yake humfunga yule tu aliyeiweka. Ya mama yako ilimfunga mama yako. Hukuvunja kitu ulipoondoka.

MamaWaMbinga

Nimesoma yote, mengine mara tatu. Katekista, ile kanuni nimeinakili kwa mkono nikaibandika ndani ya jalada la Biblia yangu. Bint Tanga, asante kwa kupita.

Alhamisi imepita. Nilisoma kama ilivyoandikwa, na nikasema wazi naamini alikufa. Nikawaeleza na ya Kimhi, nikaongeza langu: hata tukiichukua hiyo ya pili, msichana bado hakuulizwa. Miaka ile kwa masista tafsiri ya mfano ilinifariji kwa sababu haina damu, na ndiyo iliyonifanya nisione kwamba nami nilitolewa. Wengi wanaona kusoma kwa mfano ni kusoma kwa huruma. Mimi nimeona mtoto anaweza kupotea humo mchana kweupe. Mama mmoja alitoka nje akilia, sikumwuliza sababu.

Mama yangu alikuwepo, ana miaka 74 sasa. Alikaa mkekani, hakusema neno. Tuliporudi nyumbani akanishika mkono kabla sijafungua mlango. "Ulikuwa mgongoni mwangu," akasema, "ulikuwa huwezi hata kulia tena, macho yameziba. Nilikuwa na safari ya saa nne mpaka kwenye zahanati. Ningeahidi cho chote."

Cho chote, alivyotamka. Mwalimu wa ngeli, nilikukumbuka pale pale.

Mchungaji, nina moja zaidi. Mstari wa 40 unasema binti za Israeli walikuwa wakienda kila mwaka, siku nne, kwa ajili yake. Nimesoma mahali kwamba neno la Kiebrania pale, "letanot", wengine hulifasiri kuomboleza na wengine kusimulia. Binti yangu ndiye anayeuliza, tena anataka kujua kama walilitaja jina lake, maana humu halimo.