Naomba ushauri: mwalimu wetu wa hisabati anastaafu, tumuenzi vipi?

Binti Tukuyu
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mwalimu aliyetufundisha hisabati shule ya msingi huku Rungwe anatimiza miaka 60 Desemba, anastaafu kwa mujibu wa sheria. Wanafunzi wake wa zamani tuna kundi la WhatsApp na michango imeanza kuingia. Wengi wanataka tununue seti ya makochi, tukodi turubai na muziki, isomwe risala, basi. Mimi moyo haujatulia.

Mama huyu ukikosa hakukuruhusu kufuta. Unapiga mstari mmoja, jibu linabaki linasomeka, chini yake unaandika ulikuwa umefikiri nini. Mtu akienda ubaoni akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, hasemi "umekosa, kaa chini". Analigeukia darasa: "1/2 na 2/5, ipi kubwa?" Tunahangaika na vizibo vya soda mpaka mmoja anashtuka kwamba mwenzetu ameongeza, halafu amepata pungufu ya alichoanza nacho! Hapo ndipo anaanza kufundisha kutafuta asili, yaani namba ya chini, inayofanana. Na ukipata pia anakuuliza, "Umefikaje hapo?", kwa hiyo swali lile halikumtisha mtu.

Leo mimi ni muuguzi. Nikikokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake, najiuliza hilohilo kabla sijavuta dawa kwenye bomba la sindano. Naombeni ushauri: tumuenzi vipi ili na ufundishaji wake ubaki?

Mzee wa Chaki
Marahaba mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliagwa vizuri, nikapewa ngao, ipo ukutani. Lakini hakuna mwalimu kijana aliyetumwa kukaa nami aniulize nilikuwa naanzaje somo la sehemu kwa watoto wa darasa la nne. Andalio la somo lina malengo, zana na muda. Halisemi kwa nini mtoto alipokosa uliamua kunyamaza kidogo badala ya kumsahihisha. Mambo hayo yanaondoka na mwenyewe.

Msisubiri sherehe. Nendeni sasa hivi angali na vipindi, mwombeni mwalimu mkuu awaruhusu walimu wa hisabati wakae nyuma ya darasa lake, mmoja arekodi kwa simu. Kipindi kikiisha wamuulize palepale: kwa nini ulimwita yule na si huyu? Kwa nini hukufuta? Ukimuuliza baada ya mwaka atakujibu kwa maneno ya jumla. Na mtafute madaftari yenu ya zamani. Yale makosa yaliyopigwa mstari mmoja yana thamani kuliko picha za mahafali.

Mama Ushirika
Nakubaliana na Mwalimu hapo juu, ila msimsahau mama mwenyewe. Mafao ya wengine huchelewa, na miezi ya mwanzo bila mshahara ni migumu. Mtumeni mtu wa karibu, hata binti yake, aulize taratibu nyumba imefikia wapi. Huenda anahitaji mabati au tangi la maji. Mweka hazina awe mmoja, atoe hesabu kila wiki.

Jirani wa Kisumu
Huku kwetu Kenya kuna Edward Carey Francis. Aliacha kufundisha hisabati Cambridge akaja shule ya Maseno mwaka 1928, kisha akaongoza shule ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Alipostaafu hapo akaenda kufundisha Pumwani, Nairobi, hadi alipofariki 1966. Kwa hiyo muulizeni mama kama anataka kweli kuacha darasa. Pengine zawadi anayoitaka ni kupewa saa mbili kwa wiki na walimu wapya.

Halafu mwangalie Peter Tabichi, mwalimu wa huku Kenya aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora wa Dunia 2019. Watu wanataja zile dola milioni 1. Mimi naona la kuiga ni kwamba yeye na wenzake waliwafundisha wanafunzi waliobaki nyuma mmoja mmoja, nje ya vipindi na hata wikendi, wakiwafuata mpaka nyumbani.

Lameck wa Busokelo
Risala zetu zote zinafanana: mchapakazi, mlezi, mcha Mungu. Yaacheni hayo. Siku ya kumuaga wekeni ubao, mwanafunzi wa zamani aandike ile 2/5, mama aachiwe chaki.

Binti Tukuyu
Asanteni sana. Nimeyapeleka kwenye kundi. Makochi yamesimama kwanza, binti yake tutaongea naye Jumamosi. Mzee wangu, ya kurekodi: watoto wataonekana sura. Ruhusa ya wazazi tuiombe kwa barua, au kikao cha wazazi kinatosha?

Mzee wa Chaki
Barua, kila mzazi asaini, na nakala ibaki kwa mwalimu mkuu. Simu iwekwe nyuma ya darasa ielekee ubaoni, mtaona visogo tu. Na yeye mwenyewe aulizwe kabla ya wote.