Mteja anataka nusu bei, kishoka (fundi asiye na leseni) anakubali. Mafundi umeme wenzangu mnaishije?

Nguzo Tatu (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ninayo, na kazi zangu nyingi ziko Goba, Madale, Wazo mpaka kuelekea Bunju, huko ambako kila kukicha kuna nyumba inapanda. Kazi zipo. Shida ni bei.

Juzi niliitwa Madale, nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo na taa za ukuta wa nje. Nikazunguka na mwenye nyumba chumba kwa chumba, tukahesabu taa, swichi, soketi, feni, hita ya kuogea na jiko la umeme, tukapata pointi 68. Nikamwambia ufundi ni 12,500 kwa pointi, jumla 850,000, kuanzia kutindua ukuta na kulaza bomba mpaka taa ziwake. Akacheka. Akasema kuna fundi kamwambia 400,000 na kesho asubuhi yuko saiti. Halafu yakaanza yale yale: "Bei ya mwisho ngapi?" "Nifanyie kishikaji." "Nina nyumba nyingine Kigamboni, na hiyo utafanya wewe." Nimeshuka mpaka 700,000, bado ananiambia niongee vizuri.

Na kuna hili la muhuri. Mtu anafanyiwa kazi na kishoka, akienda kuomba umeme TANESCO anaambiwa mchoro uwe na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Hapo ndipo ananikumbuka. "Fundi, tugongee tu, tutakupa elfu hamsini." Kazi sijaifanya, waya sijui zimepita wapi, na nyumba ikiungua jina lililopo kwenye karatasi ni langu.

Nikishikilia bei, nakosa kazi. Nikishuka, naishia kulipa vijana na nauli. Wenye uzoefu mnafanyaje?

Mzee wa Bomba (Dodoma)

Pole kijana wangu. Naomba uache pointi kidogo, tuhesabu siku.

Kazi ya pointi 68, wewe na wasaidizi wawili, haiishi chini ya siku tisa ukijumlisha kutindua, bomba, kuvuta waya na kufunga. Wasaidizi 20,000 kila mmoja kwa siku, hiyo ni 360,000. Nauli na chakula cha saiti, weka 90,000. Kwa bei yako ya 850,000 unabaki na 400,000, na humo ndimo mna patasi zilizoisha makali, drili, leseni yako na siku utakayoitwa kurekebisha. Kwa 400,000 ya huyo mwenzako, hesabu inasoma hasara ya 50,000 kabla hajajilipa senti.

Sasa jiulize, anaishije? Anakula kwenye vifaa. Anamwandikia mwenye nyumba orodha ya rola kumi na mbili za waya wakati kazi inataka tisa, zile tatu zinarudi dukani na hela inaingia mfukoni. Anampeleka kwenye duka la rafiki yake ambako kila soketi ina chake. Kwenye soketi anavuta waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5 badala ya 2.5, na eathi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, anaikata kabisa, ananyoosha waya mbili tu. Mwenye nyumba anadhani ameokoa 450,000, kumbe amelipa pale pale, tena kwa mali mbovu.

Kwa hiyo usishindane naye kwenye ufundi. Mwandikie mteja karatasi mbili: moja ya ufundi, moja ya vifaa ikiwa na idadi na saizi ya kila waya. Mwambie vifaa anunue mwenyewe, duka analotaka, na risiti ya EFD ikae kwake. Kisha mwambie amwombe yule wa 400,000 orodha kama hiyo hiyo. Usimseme vibaya hata kwa neno moja. Karatasi mbili zikilala mezani, zitaongea.

Bi Mkubwa wa Kibaha

Mimi si fundi, ni mteja, na nyumba yangu imekamilika mwaka jana. Naomba niseme upande wetu, maana naona mnatuona wabahili.

Mafundi wanne walinipa bei kwa simu. Kila mmoja tarakimu moja tu, "laki saba", "laki tano na nusu". Hakuna aliyekuja kuangalia, hakuna aliyeniambia nanunua nini. Nyanya napunguziwa, kitenge napunguziwa, bodaboda nikibishana naye anashuka. Wewe kwa nini usishuke? Mtu asiyeona tofauti anachagua bei ndogo, hilo halihitaji kulaumiwa.

Niliyempa kazi hakuwa wa chini. Alikuja na vipande viwili vya waya mfukoni, akavikwaruza kwa kisu mbele yangu. Kimoja kilibaki chekundu mpaka ndani, kingine kikatoka weupe chini ya rangi ya shaba. Akasema, "Mama, hii nyeupe ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Inapata moto kwenye maungio, na iko madukani kwa bei rahisi." Nikavishika mwenyewe, cha aluminiamu kilikuwa chepesi. Tangu hapo sikumwomba apunguze ufundi. Nilimwomba basela, akaniwekea taa ya getini bila hela ya ufundi, tukamalizana kwa furaha.

Nguzo Tatu

Bi Mkubwa, asante sana, shikamoo. Hilo la vipande vya waya nalichukua. Kwenye basela sijui, naogopa mtu akishazoea kupewa anaendelea kudai.

Mzee wa Bomba

Basela itoke mwishoni, baada ya bei kukubaliwa na kianzio kulipwa. Ukiitoa wakati anabishana, anajua bado kuna nafasi ya kushuka. Na kosa la kutoka 850,000 hadi 700,000 kwa maneno matupu ni hilo hilo: unamfundisha kwamba ile ya kwanza haikuwa ya kweli. Akitaka bei ishuke, kazi nayo ishuke. Mwambie, "Sawa, tuache taa za ukuta wa nje na feni mbili, bomba nakuachia ndani ya ukuta, utakuja kuvuta waya ukipata hela." Hapo umepunguza pointi, hukupunguza thamani yako. Vitu vya usalama usivitoe kamwe: eathi, saizi ya waya na ile breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30.

Msafiri wa Likoni (Mombasa)

Wakubwa, salamu kutoka pwani ya juu. Huku kwetu fundi wa stima analia kilio hicho hicho. Leseni twapewa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na Kenya Power hawakuungi bila cheti cha aliyefanya wayaringi, lakini vijana wa mtaani wafanya kazi mchana kutwa kisha waja kutafuta wa kuwasainia.

Nimesimama kwenye mambo mawili. La kwanza, bei naiandika na tarehe ya mwisho, wiki mbili tu, kwa sababu waya ni shaba na shaba hupanda na dola. Mteja ajapo baada ya miezi mitatu akasema "si ulinambia bei fulani", namwonyesha tarehe. La pili, malipo kwa hatua: asilimia 40 kabla ya kutindua, 30 bomba na waya zikiisha kabla ya plasta, 20 swichi na soketi zikifungwa, 10 baada ya vipimo. Anayebishana sana bei kisha akatae na kianzio, huyo hata ukimfanyia hakulipi. Mshukuru, nenda zako.

Hiyo ya nyumba ya Kigamboni, bwana, mimi hujibu: "Ile ya pili nitakupunguzia, hii ya kwanza lipa kamili." Sijaona aliyerudi kubisha hapo.

Kijana wa Chang'ombe

Samahani wakubwa, nami niseme. Mimi huenda ndiye mnayemwita kishoka. Nimemaliza VETA, cheti ninacho, leseni bado. Nina chumba cha kulipia kodi na mama nyumbani ananitegemea. Nikimtajia mteja 850,000 ananiuliza, "Wewe nani?" Namtajia 400,000 ndiyo ananiona.

Lakini eathi naweka, na soketi sijawahi kuvuta 1.5. Hita ya kuogea ya kilowati 5 inavuta karibu ampea 22, naipa waya wake wa 4 na breka yake peke yake. Inaniumiza kusikia kila mwenye bei ndogo anaitwa mwizi wa waya. Bei yangu ndogo ni njaa, wakubwa, na mnaotusema ni nyinyi ambao mkipata kazi kubwa mnawachukua vibarua wa mtaani kutindua badala yetu.

Nguzo Tatu

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili na nimekuelewa. Samahani kwa neno nililotumia kwa wote. Nitumie ujumbe pembeni. Ukifanya kazi chini yangu mwenye kuisimamia ni mimi, na muhuri ninaougonga ni wa kazi niliyoiona tangu bomba la kwanza.

Taa Nyekundu (Mwanza)

Hapo kwenye muhuri nataka kusisitiza, maana wengi wanapita haraka. Sheria ya Umeme ya 2008 inataka ufungaji umeme ufanywe na mwenye leseni. Ukigonga muhuri kwenye kazi usiyoiona, elfu hamsini yako imenunua mashtaka ya mtu mwingine.

Ila usimfukuze huyo mteja. Mwambie: kukagua ni kazi yenye bei yake. Nenda na mega, kile kipimo cha kuona kama waya zinavujisha umeme, chomoa taa na vifaa vyote, piga volti 500 kati ya laivu na eathi, nyutro na eathi, laivu na nyutro. Chini ya megaohmu 1, kuna mahali waya imechubuka au imelowa. Fungua soketi tatu nne, angalia saizi. Pima eathi. Mwandikie kasoro, mpe bei ya kurekebisha, ukishamaliza ndiyo muhuri utoke. Mimi nyumba za namna hiyo Buswelu zimenipa kazi kuliko nyumba mpya. Mteja akiona kwa macho yake kipimo kinasoma megaohmu 0.2 kwenye chumba wanacholala watoto wake, habishi bei.

Nguzo Tatu

Wakuu, nirudishe majibu. Yule wa Madale nimempelekea karatasi mbili, nikarudi kwenye 850,000 yangu, nikamwonyesha kwamba akitoa taa za nje na feni tunafika pointi 56, yaani 700,000. Amempa kazi yule wa 400,000. Nimemwachia orodha ya vifaa bure, nikamwomba asikubali waya wa 1.5 kwenye soketi hata kama mimi simo. Roho haikufurahi, lakini sijutii.

Goba kuna mama nimemkwaruzia vipande vya waya kama alivyosema Bi Mkubwa. Amelipa kianzio asilimia 40 siku ile ile. Kijana wa Chang'ombe anaanza na mimi Jumatatu, kwa malipo ya fundi, si ya kibarua.

Limebaki moja. Shemeji yangu anajenga Chanika na ameshaanza kusema "wewe ni wa nyumbani". Huyu nampa karatasi au namfanyia tu?

Bi Mkubwa wa Kibaha

Karatasi mpe, mwanangu, tena mpe mbele ya dada yako. Hela yako mwenyewe ukitaka kumwachia, mwachie, ni ndugu. Lakini hela ya vijana na nauli ailipe kabla hawajagusa ukuta, na vifaa aende kununua mwenyewe.