Sarafu za Urusi za Olimpiki 1980: sonara anataka kuzinunua kwa gramu, naombeni ushauri kabla hatujauza

BintiKondoa:
Wakuu habarini za jioni. Bamkubwa wangu alisoma Moscow pale chuo cha Patrice Lumumba miaka ya sabini mwishoni, alifariki mwaka jana na familia tumekaa kikao tukakubaliana sarafu alizorudi nazo ziuzwe, hela yote apewe mama mkubwa maana yuko mwenyewe hapa Nkuhungu na dawa za presha ni kila mwezi. Sasa kuna sarafu kubwa kubwa za fedha zimeandikwa 10 na nyingine 5, zina zile pete za Olimpiki, baadhi ziko kwenye vile vikasha vya plastiki vya mviringo vinang'aa kama kioo, nyingine zilikuwa kwenye kimfuko cha nailoni zimeanza kuwa na kitu cha kijani kinanata. Halafu kuna za 1 zenye rangi ya nikeli, nyingi tu. Sonara mmoja hapa mjini amesema atachukua zote kwa gramu na anataka jibu Ijumaa. Kuna mtu kaniambia zinaitwa prufu na ni adimu sana. Ni kweli? Nifanyeje?

Kijana_wa_Majengo:
Zisugue kwanza na dawa ya meno au magadi na limao zing'ae, mteja akiona zinameremeta bei inapanda yenyewe

MkusanyajiDom:
Dada BintiKondoa pole sana na msiba. Tafadhali USIZISUGUE, narudia usizisugue, na kijana samahani lakini ushauri wako ungemtia hasara huyu mama. Prufu sio daraja la ubora kama watu wanavyodhani, ni namna sarafu ilivyotengenezwa: muhuri unang'arishwa, kipande cha madini nacho kinang'arishwa, halafu kinapigwa zaidi ya mara moja ili picha itoke kali. Ndio maana uwanja wa sarafu, yaani sehemu tupu isiyo na picha, unakuwa kioo kabisa na picha inakuwa nyeupe kama imepigwa ukungu. Kinacholipiwa ni huo uso. Ukipitisha kitambaa tu, tena na hili vumbi letu la Dodoma lenye mchanga mchanga, unaacha mistari kama nywele na uso haurudi tena ulivyokuwa. Chukua taa ya mezani, shika sarafu ukingoni kwa vidole viwili, igeuze taratibu chini ya mwanga, mistari hiyo utaiona inatokea na kupotea. Mnunuzi anayejua ndicho kitu cha kwanza anachoangalia.

Sasa kuhusu uadimu niseme ukweli ili mama asijengewe matumaini ya bure. Seti ya fedha ya Olimpiki ya Moscow ina sarafu 28, za rubli 5 ziko 14 na za rubli 10 ziko 14, zilitoka kati ya 1977 na 1980. Zilitengenezwa kwa wingi kuuzwa nchi za nje, kwa hiyo sio adimu, na nyingi bei yake inatembea karibu na bei ya fedha yenyewe, prufu safi ndani ya kikasha chake ikizidi kidogo. Lakini hata hiyo sio ndogo: rubli 10 ina uzito wa gramu 33.3, fedha asilimia 90, maana yake karibu gramu 30 za fedha tupu, ya rubli 5 ni nusu yake. Seti nzima inabeba kama gramu 630. Piga hiyo kwa bei ya fedha ya siku hiyo duniani ndio ujue sonara anakupa robo au anakupa haki.

Zilizo adimu kweli ni nyingine. Tafuta sana kama kuna moja imeandikwa 150, hiyo ni platinamu, gramu 15.5, na kwa macho unaweza kuichanganya na fedha kabisa, ikienda kwa gramu kwa bei ya fedha ni msiba wa pili. Iliyoandikwa 100 ni dhahabu.

Kile cha kijani kinachonata kinatoka kwenye ile nailoni. Zitoe humo leo leo. Inaondoka kwa kuzamisha kwenye asetoni safi, sio ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, fanyia nje mbali na moto, halafu iache ikauke yenyewe. Na raba bendi usizitumie kufungia, zina salfa, fedha inakuwa nyeusi. Zilizobadilika kuwa njano au bluu kidogo ziache hivyohivyo, kuna watu wanazipenda.

Nzuguni_Mizani:
Naongezea. Sumaku haisaidii hapa, maana fedha hainasi na zile za nikeli na shaba nazo hazinasi. Kama unayo iliyokwisha kukwaruzika, ambayo haina cha kuharibika, fanya hivi: weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya digitali, izero, funga sarafu ya rubli 10 na uzi uizamishe yote bila kugusa chini. Ikisoma kama gramu 3.2 ni fedha. Ikisoma 3.7 hivi hiyo ni nikeli na shaba imepakwa fedha juu tu. Zilizo kwenye vikasha usizitoe.

Na zile za rubli 1 usizidharau. Iko ya 1978 yenye Kremlin, angalia saa ya mnara kwa kioo cha kukuzia, kwenye baadhi namba ya saa nne imewekwa VI badala ya IV, wakusanyaji wanaitafuta. Pia angalia ukingoni, rubli za kumbukumbu za miaka ya nyuma zilipigwa upya 1988 kwa prufu zikawekewa herufi Н, hizo ni tofauti na zilizotumika madukani.

BintiKondoa:
Mungu awabariki sana. Nimezitoa kwenye nailoni, nimeziweka kila moja kwenye karatasi yake. Ya 150 hakuna. Kwenye vikasha ziko kumi na moja. Je nizipeleke kupimwa gredi Ulaya?

MkusanyajiDom:
Kwa hizo hapana. Kampuni kama NGC na PCGS zinatoa alama kwa kipimo cha 1 hadi 70, prufu wanaiandika PF au PR, na iliyosafishwa hawaipi namba, wanaandika tu kwamba ina kasoro. Ada, posta na bima ya kwenda na kurudi vinakula faida yote kwa sarafu ya bei hii. Ungekuwa na platinamu ningekwambia tuma. Piga picha wewe mwenyewe pande zote mbili na ukingo, mwanga wa pembeni, andika uzito, tangaza moja moja kwa bei za zilizouzwa kweli sio zinazoombwa. Mteja akiwa Urusi mjue malipo kwanza, Visa na Mastercard zilisimama kule tangu Machi 2022. Zilizokwaruzika na za nailoni hizo ndio mpe sonara kwa gramu, ukiwa na hesabu yako mkononi.

Na kama ile ya rubli 5 ya 1978 ya mbio imo, nitumie ujumbe pembeni. Moscow 1980 ndipo Filbert Bayi alipochukua fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000, na mpaka leo hatujapata medali nyingine ya Olimpiki. Nikiipata yenye kikasha namlipa mama juu ya bei ya soko, sipunguzi hata mia.

BintiKondoa:
Imo, na kikasha chake hakijafunguliwa. Nakutumia picha usiku umeme ukirudi. Sonara nimeshampigia, nimemwambia Ijumaa asinisubiri.