Kufungua kliniki ya daktari Mombasa: leseni zipi, na ipi itangulie?

daktari_kisauni
Habari zenu. Ni daktari wa kawaida, si bingwa, na leseni yangu ya KMPDC (baraza la madaktari) iko hai. Nataka kufungua kliniki isiyolaza wagonjwa huku Kisauni: chumba cha daktari, chumba cha vidonda na sindano, maabara ndogo na ultrasaundi. Eksrei nitaiongeza baadaye. Mwenye nyumba anasukuma mkataba utiwe sahihi wiki hii. Nianzie wapi?

Msajili254
Daktari, usitie sahihi bado. Sajili jina kwanza kupitia eCitizen, chukua PIN ya KRA, ndipo mkataba wa pango uandikwe kwa jina lile lile, herufi kwa herufi. Maombi mengi hukwama hapa: cheti kina jina la kliniki, mkataba una jina la daktari, na kibao cha nje kinasema hospitali.

Leseni uliyo nayo inakuruhusu wewe kutibu, jengo halimo. Kituo nacho kinasajiliwa kivyake na KMPDC, halafu kinalipiwa leseni kila mwaka. Kliniki isiyolaza ni ngazi ya 2. Ukiweka vitanda vya kulaza, unakaguliwa kwa kipimo kingine kabisa. Na angalia pointi zako 50 za mafunzo ya mwaka: leseni yako ikilala, kituo nacho kinabaki bila msimamizi.

mama_maabara
Maabara ina leseni yake, ya KMLTTB (bodi ya wataalamu wa maabara), na lazima iwe na mtaalamu aliyesajiliwa na bodi hiyo. Leseni ya daktari haiifuniki.

Kabla ya kulipa pango, kagua chumba chenyewe. Sinki la kazi liwe mbali na la kunawia mikono. Meza iwe ya kitu kisichonyonya maji. Vigae vinang'aa, lakini saruji iliyo katikati yake hunyonya damu na haisafishiki. Friji ya vitendanishi (kemikali za vipimo) iwe na kipimajoto ndani, nyuzi 2 hadi 8, joto liandikwe asubuhi na jioni. Chupa ya maji ya kunywa ikionekana humo, mkaguzi ana haki ya kukuandikia kosa.

Ultrasaundi haina mionzi, kwa hiyo KNRA, mamlaka ya mionzi, haikuhusu. Eksrei ndiyo kazi: kinga ya kuta na mlango wenye madini ya risasi hupangwa kabla mashine haijanunuliwa. Kama una nia nayo kweli, chagua sasa nyumba yenye chumba cha chini ambacho ukuta wake hauungani na jirani.

daktari_kisauni
Asante sana, mama. Na dawa je? Na taka?

Msajili254
Mgonjwa uliyemwona unaweza kumpa dawa. Ukifungua dirisha la kuuzia wapita njia, hilo tayari ni duka la dawa: leseni ya PPB (bodi ya dawa) na mfamasia wake.

Taka: ndoo nyeusi ya kawaida, njano ya maambukizi, nyekundu ya hatari zaidi. Kisanduku cha sindano kifungwe kikijaa robo tatu, maana wanaochomwa ni wale wanaosukumiza ya mwisho iingie. Mchukuzi awe na leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), na kila akibeba akuachie hati ya ufuatiliaji. Mkataba usio na hati hizo hauonyeshi taka zimeenda wapi.

Kaunti: kibali cha biashara, cheti cha zimamoto, ukaguzi wa afya ya umma.

Bi_Hesabu
Naongeza mawili yanayosahaulika. Usajili wa ODPC (ofisi ya ulinzi wa data binafsi): wengi hujiona wamesamehewa kwa kuwa wana wafanyakazi chini ya 10 na mapato chini ya shilingi milioni 5. Anayetibu wagonjwa hana msamaha huo. Cheti hudumu miezi 24.

Matibabu hayatozwi VAT, lakini ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara wa KRA) unatoa vilevile. SHA (bima ya afya ya serikali) waendee ukiwa tayari na leseni ya kituo mkononi. Bila hiyo hakuna mkataba.