Friji ina miaka miwili na nusu fundi anasema mota imekufa, ya mama ina umri wangu na bado inagandisha

mama_ubuyu_kimara

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kabla sijatoa hela mana nikitoa hii sina nyingine. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju hapa Kimara, friji ndio jembe langu. Nilinunua mpya kabisa Kariakoo, milango miwili, haijafika hata miaka mitatu. Juzi jioni umeme ukakatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi, kama mara tatu ndani ya dakika kumi, na toka hapo taa ya ndani inawaka ila haigandishi. Ukitega sikio kwa nyuma unasikia tik, inanguruma sekunde kadhaa, tik, kimya. Baada ya dakika chache inaanza tena. Barafu zote za jumamosi zimeyeyuka, nimegawia watoto wa jirani.

Fundi wa hapa mtaani kaja, kaweka mkono kwenye mota akautoa, "inaunguza hii, mota imekufa dada", anataka 280,000 mota na gesi na ufundi. Hakufungua hata begi. Nikarudi dukani mana mlangoni kuna stika kubwa waranti ya mota miaka 10, wakaniambia sawa lete risiti. Risiti niliitunza vizuri tu kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto, kuitoa ni karatasi nyeupe, wino wote umekimbia! Halafu wakaongeza kwamba hata ningekuwa nayo, waranti ni ya chuma chenyewe, gesi na ufundi ni juu yangu.

Kinachoniuma mama yangu Temeke ana friji aliyonunua mwaka niliozaliwa, 1988, imepakwa rangi kwa brashi mara mbili, mlango anafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na inagandisha mpaka leo. Nitengeneze hii au nitafute ya mtumba? Na hivi vitu vya siku hizi vimekuwaje jamani?

goba_boy

Dada chukua mtumba wa Japani achana na hivi vya dukani. Mjapani hana utani.

fundi_baridi_buguruni

Mkuu hapo juu usimpeleke dada wa watu shimoni. Japani umeme wa majumbani ni volti 100, huku kwetu 230, ukiichomeka hivi hivi ni moshi. Itabidi anunue transfoma ya kushusha na iwe kubwa kweli kweli, mana mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya. Kama ni mtumba wa nje bora wa Uingereza, volti zetu na hata plagi ni hizi hizi za pini tatu bapa.

Ila dada kabla ya mtumba, kabla ya 280,000, iyo friji yako mi siamini kama mota imekufa. Iyo sauti unayosema naijua kama sauti ya mke wangu. Tik ya kwanza mota inataka kuanza, inashindwa, inachemka, tik ya pili ovaloadi inakata umeme isije ikaungua, ikipoa inajaribu tena. Kwa hiyo lazima iwe ya moto, mkono peke yake haujui kitu. Mota iliyokufa na mota nzima yenye rilei mbovu, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza, zote zinaunguza sawasawa.

Fanya hivi. Chomoa plagi ukutani, usizime swichi tu, chomoa. Vuta friji mbele, chini nyuma kuna mota nyeusi kama chungu, ubavuni ina kifuniko cha plastiki, kinatoka kwa bisibisi bapa. Humo ndani kuna rilei imechomekwa kwenye pini tatu za mota, mara nyingi na ovaloadi vimekaa pamoja. Kama kuna kapasita, kile kikopo cheupe au cheusi chenye waya mbili, usikishike miguu yake, inatunza umeme hata kama umechomoa. Ivute rilei taratibu itoke halafu itikise sikioni. Ikilia kama njuga, ndani kuna kisahani kimepasuka, umepata mchawi wako. Hata isipolia inaweza ikawa mbovu ila ikilia hakuna mjadala.

Na huyo fundi wako angekuwa na mita angepima zile pini tatu za mota dakika moja tu. Unapima mbili mbili, unapata namba tatu, kubwa lazima iwe sawa na zile ndogo mbili ukizijumlisha. Halafu unapima kila pini na chuma cha mota, hapo mita isisome kitu kabisa. Zikikaa hivyo waya za ndani ni nzima, usikubali kubadilishiwa mota kabla ya kujaribu rilei mpya. Mafundi wa kugusa kwa mkono ndio wanatuharibia jina wote.

Na ikitokea kweli mota ni ya kubadili, soma stika ya friji imeandikwa gesi gani. Nyingi za sasa ni R600a, hiyo inawaka kama gesi ya jikoni, mtu asije akachomelea bomba gesi ikiwa bado imo ndani, na asikujazie R134a kwa sababu ndio anayo kwenye mtungi wake.

Imekuwaje mpaka rilei ikafa? Umeme kurudi haraka. Friji ikizimika inatakiwa ipumzike kama dakika 5, presha ya gesi ndani isawazike pande zote mbili. Umeme ukirudi kabla ya hapo mota inasukuma ukuta. Mara tatu ndani ya dakika kumi ulivyosema, kisahani lazima kiseme basi.

mzee_wa_tabata

Mwanangu wa Kimara pole sana. Mimi nimestaafu lakini hizi mashine nimezifungua toka ujana wangu, fundi wa Buguruni amesema vizuri na mimi naongezea kwenye lile la vitu vya siku hizi maana vijana mnalisema nusu.

Friji ya mama yako ni ngumu, sikatai. Ila kumbuka tunayoiona leo ni ile iliyopona, zenzake zilizokufa mwaka 1995 na 2001 zilishauzwa vyuma chakavu hakuna anayezikumbuka. Na bei yake unaijua? Ya kwangu nilikusanya mshahara wa miezi mingi na mke wangu hakuniongelesha wiki nzima. Wewe yako umeinunua kwa faida ya barafu. Mtu akitengeneza kwa bei hiyo lazima apunguze mahali, anapunguza chuma, anapunguza shaba. Nimeshakata mota ndogo za sasa nikakuta waya wa ndani ni aluminiamu.

Lakini hilo kwangu sio kubwa. Kubwa ni bomba. Friji ya zamani ule wavu mweusi wa kutoa joto uko nyuma, nje, unauona, ukitoboka unachomelea unajaza gesi maisha yanaendelea. Siku hizi wameuficha ndani ya ubavu wa friji, kwenye povu, ndio maana ukishika ubavu unasikia joto. Inapendeza, inakaa karibu na ukuta, haishiki vumbi. Sasa na hewa yetu hii ya pwani, chumvi na unyevu, bomba la chuma likioza huko ndani utalichomelea vipi? Utachana friji? Mafundi wetu wakagundua dawa, wanaliua lile la ndani wanafunga wavu wa nje mgongoni kama zamani. Inakuwa mbaya kuangalia ila inagandisha. Huo ndio ufundi wa Dar, na aliyeichora hiyo friji ofisini kwake sidhani kama aliwahi kuwaza kuna mtu atataka kuifungua.

Hila nayo ipo, sio ya jana. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu duniani yalikaa Geneva yakakubaliana balbu isizidi saa 1000, na anayetengeneza ya kudumu zaidi anapigwa faini. Hao walikuwa wazungu na mitambo yao, msiseme kila kitu Mchina.

Na mama yako mwambie aangalie yuniti zake za luku. Mlango wa kufunga kwa tyubu unavuja baridi, mota haipumziki. Inadumu ndio, inakula pia.

sinza_techi

Nakazia hapo kwa mzee, Ulaya wameshaanza kuwabana watengenezaji. Toka Machi 2021 anayeuza friji kule lazima awe na spea kama themostati na bodi ya umeme kwa miaka 7 angalau baada ya toleo kuacha kuuzwa, raba ya mlango miaka 10. Ufaransa wao toka 2021 walianza kuwekea bidhaa kama simu na mashine za kufulia alama dukani, inatengenezeka kwa urahisi kiasi gani, kati ya 10. Sisi huku tunasoma stika ya "miaka 10" halafu tunaambiwa ni ya chuma tu.

Risiti dada piga picha siku ile ile unayonunua, zile karatasi za mashine zinafutika kwa joto. Mi nilijifunza kwa tv.

mama_ubuyu_kimara

Mzee shikamoo, nimecheka mpaka nimelia hapo kwa mke hakuniongelesha wiki. Mama nimempigia anasema friji yake msiiseme vibaya.

Mrejesho sasa. Jana jioni nilimwita mtoto wa dada yangu yuko VETA, tukachomoa tukavuta friji (huko nyuma nimekuta vijiko viwili na mende wa kutosha), tukafungua kile kifuniko. Kutikisa rilei tu, cha cha cha! Tukaipasua, kisahani kimekuwa vipande vipande na unga mweusi. Pini tukapima kwa mita ya chuoni kwao, namba zikajumlika vizuri. Leo asubuhi nimeenda nayo kama sampo kwenye maduka ya spea ya Gerezani, kule Kariakoo, duka la kwanza walitaka kunipa isiyofanana wakasema "inaingia tu", nikatoka, la tatu nimepata yenyewe 12,000 na ovaloadi yake. Imewaka saa sita mchana, saa hii maji yameanza kushika utando.

Yani 12,000. Nilikuwa nimeshaazima laki moja na nusu kikoba.

fundi_baridi_buguruni

Safi sana dada. Sasa hiyo 280,000 toa kidogo ukanunue gadi ya friji, kile kiboksi unachomeka ukutani halafu friji unaichomeka kwake. Umeme ukirudi yenyewe inasubiri kwanza dakika kadhaa ndio inaruhusu, na ukishuka sana inakata. Huko Kimara jioni nimeshawahi kupima nyumba ya mteja nikakuta volti 165, mota inaanzaje hapo. Na iachie nafasi nyuma na ubavuni, usiibane na ukuta.

goba_boy

Fundi ya kwangu ni inverta, imegoma pia, na mimi nikaitikise?

fundi_baridi_buguruni

Hapana mkuu wewe usiguse. Friji ya inverta haina rilei ya hivyo, mota yake inaendeshwa na bodi ya umeme, na zile pini tatu zinatakiwa zisome sawa zote. Bodi inakaa na umeme mkali hata ukichomoa. Piga picha ya stika ya nyuma na ile taa ya bodi inavyoblinki, weka hapa.

mama_ubuyu_kimara

Gadi nimenunua jamani. Umeme umekatika saa moja umerudi, kataa kake kekundu kakawaka, friji kimya, mwanangu kakimbia kuniita "mama imekufa tena!" Tumesimama wote jikoni tunaiangalia, mpaka iliponguruma.