Nnamdi Azikiwe alisoma wapi, na kwa nini Marekani?

Mtafiti_Iringa: Salaam wanajamvi. Ninaandaa somo la kidato cha sita kuhusu viongozi waliodai uhuru wa Afrika Magharibi, na nimekwama kwa Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria. Vitabu nilivyo navyo vinasema tu kwamba alikuwa Mwigbo wa Onitsha aliyesoma Marekani, kisha vinaruka hadi kwenye magazeti yake na siasa. Alilelewa wapi, na kwa nini hakwenda London kama wasomi wengi wa makoloni ya Uingereza wa zama zake? Je, baba yake alikuwa tajiri?

Mwalimu_Mstaafu: Ndugu Mtafiti, baba hakuwa tajiri. Alikuwa karani katika utawala wa kikoloni, na kazi hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila jambo katika utoto wa mwanawe. Azikiwe alizaliwa tarehe 16 Novemba 1904 mjini Zungeru, ambao wakati huo ulikuwa makao makuu ya Waingereza katika Nigeria ya Kaskazini, mbali kabisa na Onitsha walikotoka wazazi wake. Kwa kuwa alikua na watoto wa huko, alikizoea Kihausa kabla ya Kiigbo, jambo lililomtia baba yake wasiwasi hata akampeleka Onitsha, akiwa na umri wa miaka minane hivi, akakae na bibi na shangazi yake ajifunze lugha na mila za kwao. Baadaye alimfuata baba yake Lagos, akaingia shule ya Wamethodisti na kukipata Kiyoruba, na pia alisoma katika Taasisi ya Hope Waddell huko Calabar. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wanafunzi wako wanapopaswa kutua, kwa sababu mtu aliyezijua lugha tatu kubwa za Nigeria tangu ujanani alikuwa nadra, na hilo halikupangwa na yeyote. Lilitokana na uhamisho wa kikazi wa karani.

Binti_Historia: Naongezea kuhusu Marekani. Mwaka 1920 James Aggrey, msomi wa Gold Coast (Ghana ya leo) aliyesomea Marekani, alifika Lagos pamoja na tume ya Phelps-Stokes, tume ya Kimarekani iliyochunguza elimu Afrika, na maneno yake yalimwingia sana kijana huyu. (Aggrey huyo huyo alizuru Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1924, kwa hiyo unaweza kumtumia katika mada ya elimu ya kwetu pia.) Tatizo lilikuwa nauli. Azikiwe aliajiriwa kuwa karani wa hazina Lagos, kisha akaamua kuzamia meli na wenzake. Safari ikaishia Sekondi, akafanya kazi ya polisi huko Gold Coast kwa muda mfupi mpaka mama yake alipomfuata na kumsihi arudi. Ndipo baba yake alipotoa pauni 300 kutoka katika kiinua mgongo chake, na mwaka 1925 kijana akaondoka.

Alianzia Chuo cha Storer huko West Virginia, akaenda Chuo Kikuu cha Howard, na fedha zilipomwishia akahamia Lincoln, Pennsylvania, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1930. Baadaye alichukua shahada za uzamili, mojawapo ya anthropolojia. Katika miaka hiyo aliosha vyombo, alichimba makaa ya mawe na kufanya vibarua vingine ili alipe ada.

Msomi_wa_Pwani: Nakubaliana na mengi, ila nisingependa wanafunzi waamini kwamba njia ya Marekani ndiyo pekee iliyokuwa wazi kwa asiye na mali. Obafemi Awolowo, mwanasiasa mwingine wa Nigeria wa zama hizo, aliyezaliwa Ikenne mwaka 1909 na kufiwa na baba akiwa bado mtoto, alijisomesha kwa kazi za mikono, akawa mwalimu na karani wa hati mkato, akapata shahada ya biashara ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1944 kwa njia ya posta, na baada ya hapo tu ndipo alipokwenda Uingereza kusomea sheria. Mtu huyo ndiye aliyeanzisha elimu ya msingi bila malipo katika Jimbo la Magharibi mwaka 1955.

Mtafiti_Iringa: Nawashukuru nyote. Mwalimu, je, kuna dalili kwamba elimu ya Azikiwe iliwafaa wengine nje ya Nigeria?

Mwalimu_Mstaafu: Ipo, tena ya wazi. Mwishoni mwa mwaka 1934 hakurejea moja kwa moja Lagos, bali alikwenda Accra kuhariri gazeti la *African Morning Post*. Huko alikutana na mwalimu kijana aliyeitwa Kwame Nkrumah na kumshauri aombe nafasi Lincoln. Nkrumah alisafiri mwaka 1935 na kuhitimu chuo hicho hicho mwaka 1939.