Kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe, kazi inapotea
Wakuu habarini, desktop yangu inajizima ghafla na kujiwasha tena nikiwa katikati ya kazi, haitoi onyo wala nini, jana ripoti ya ofisi imeenda yote yaani nimeumia sana. Faili naweza kulipata?

Jibu: Pole sana mkuu. Kwenye Word nenda File, Info, Manage Document, halafu Recover Unsaved Documents, mara nyingi kopi inakuwepo. Na AutoRecover (Word kujiwekea kopi yenyewe ukiwa unaandika) iweke kila dakika 1, ile 10 inayokuja nayo ni nyingi mno.

Jibu: Cheki Event Viewer (programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio ya mashine), ukikuta kosa la Kernel-Power 41 ujue mashine ilikata bila kuzimwa vizuri, hapo shuku pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme), joto au umeme wenyewe.

Muuliza: Zipo 41 kibao! Faili nimelipata nusu, asanteni jamani.

Jibu: Basi puliza vumbi kwenye feni, isipotulia jaribu pawasaplai nyingine.